Nyumba za umma, vocha au jengo la shirika? Chaguo la mpangaji mwenye mshahara unaoyumba, Minneapolis na St. Paul

Skyline Tower, jengo la ghorofa 24 kando ya barabara ya I-94 mjini St. Paul, Minnesota, watu wetu wa Afrika Mashariki wamelibandika jina moja: "nyumba za serikali". Si za serikali. Mwenyewe ni CommonBond Communities, shirika lisilotafuta faida, lenye mizizi katika Kanisa Katoliki la hapa tangu 1971. Minneapolis nako kuna lenzake, Project for Pride in Living, ambalo wenyeji hulifupisha PPL. Lilianzishwa 1972 na Joe Selvaggio, mtu aliyewahi kuwa padre. Nyumba za serikali zenyewe ziko kwingine, na zina ofisi yao, fomu yao na foleni yao.

Nasema haya kwa sababu nimeketi sana kwenye kiti cha mkalimani, katikati ya afisa wa nyumba na mama aliyebeba bahasha ya karatasi za mshahara. Watu hujaza fomu moja wakadhani wamejaza zote. Halafu huuliza swali lile lile: "Ni wapi kodi iko chini?" Jibu lipo, ila halimsaidii mtu anayelipwa kwa saa. Swali lenye faida ni hili: mwezi zamu zikipungua, nani atabeba pengo, wewe au wao?

(Kabla sijaendelea: humu "kodi" ni ya nyumba tu. Ile ya serikali nitaiita ushuru, la sivyo tutapotezana.)

Nani mwenye nyumba

Nyumba za umma zilianza kwa sheria ya mwaka 1937. Mwenye nyumba ni mamlaka ya mji yenyewe. Minneapolis ina mamlaka yake na St. Paul ina yake, kwa hiyo kujiandikisha upande mmoja hakukuingizi upande wa pili. Kwa Minneapolis, sehemu kubwa ya nyumba hizi ni maghorofa marefu yenye vyumba vya mtu mmoja, yaliyojaa wazee na watu wanaoishi peke yao. Familia huangukia zaidi nyumba ndogo zilizotawanyika mitaani. St. Paul ina mitaa minne mizima ya familia: McDonough, Roosevelt, Mt. Airy na Dunedin.

Vocha, ile tunayoiita Section 8, ilizaliwa 1974. Hapa hupewi nyumba. Unapewa ahadi kwamba sehemu ya kodi italipwa, kisha unatoka mwenyewe kumtafuta mwenye nyumba wa kawaida atakayekubali. Ukiwa Brooklyn Park au Brooklyn Center, waliko Wakisii wengi kiasi kwamba ukikosa mboga ya chinsaga dukani unajua tu ni msimu wake umepita, ofisi yako ya vocha si ya Minneapolis. Ni Metro HRA, iliyo chini ya Metropolitan Council, baraza la kanda nzima ya miji hii.

Mlango wa tatu ni majengo ya mashirika kama CommonBond na PPL. Mengi ya miaka ya karibuni yamejengwa kwa fedha za nafuu ya ushuru, mpango wa mwaka 1986. Kampuni kubwa hutoa mtaji wa kujenga, nayo hupunguziwa ushuru wake. Jengo nalo hufungwa kwa miaka 30 au zaidi liwapangishe watu wa kipato cha chini kwa kodi isiyozidi kiwango kilichowekwa. Nani hupanga kiwango hicho, na kwa kutazama nini? Hapo ndipo wengi huteleza.

Mshahara ukiyumba

Kwenye nyumba za umma na kwenye vocha, kodi yako hufuata mfuko wako. Kwa kawaida unalipa takriban asilimia 30 ya kipato cha familia baada ya punguzo fulani: punguzo la kila mtoto, la mzee au mlemavu, na la gharama ya kumlipa anayelea watoto ukiwa kazini. Kwenye nyumba nyingi za nafuu ya ushuru, kodi hufuata kipato cha eneo zima, yaani kile cha kaunti na jirani zake. Mshahara wako hutazamwa mlangoni ili kuthibitisha kwamba hujavuka kikomo. Ukishaingia, kodi haijui kama mwezi huu ulifanya kazi saa 60 kwa wiki au saa 20.

Tuchukue mfano. Mama ana watoto wawili na anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Mwezi wa kawaida anapata dola 3,000 kabla ya makato. Kwenye nyumba ya umma atalipa kama dola 900, hata pungufu kidogo kwa ajili ya watoto. Kwenye jengo la shirika, tuseme kodi ni dola 1,150. Ukiishia hapo, ya umma imeshinda.

Sasa achukue ovataimu, kama tunavyofanya sote karo za nyumbani zinapokaribia. Anafikisha dola 4,500. Kodi ya umma inapanda hadi karibu dola 1,350. Ya shirika imebaki 1,150, na kila zamu ya usiku ni yake mwenyewe. Kisha mgonjwa wake anafariki, zamu zinakatwa, anashuka hadi dola 1,800. Ya umma inashuka naye hadi 540. Ya shirika bado ni 1,150, na hata kabla ya makato zinabaki 650 tu za chakula, gari na simu kwa watu watatu. Kwa hesabu hii mizani inageuka kwenye dola 3,800 hivi kwa mwezi. Chini ya hapo, kodi inayofuata mshahara ni kinga. Juu ya hapo, kodi isiyosogea ndiyo rafiki.

Lakini wastani wa mwaka peke yake haukuambii kitu. Mtu anayepata 3,900 kila mwezi bila kukosa na mtu anayepata 6,000 miezi sita kisha 1,800 miezi sita wana wastani uleule, na hawafai mlango mmoja. Wa pili, kama hana akiba ya miezi mitatu, jengo la nafuu ya ushuru litamfikisha mahakamani. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba wa Minnesota lazima akupe notisi ya siku 14 kabla ya kufungua kesi ya kodi. Siku 14 ni kama malipo mamoja ya mshahara. Zinapita.

Yako mengine ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi. Kodi haishuki yenyewe zamu zinapopungua. Unapeleka barua na karatasi za mshahara, na unazipeleka mapema. Nimewaona watu wakinyamaza miezi minne kwa aibu, kisha wakitaka ofisi irudi nyuma iwafutie. Mara nyingi hairudi. Na ukipata kazi ya pili ukanyamaza, watakuja kujua, kwa sababu mifumo ya mishahara inaoneshana, na deni utakalopewa litakuwa la miezi yote ile. Kwa upande wa pili, usidhani kodi ya nafuu ya ushuru imegandishwa. Kipato cha eneo kikipanda, kikomo kinapanda, na shirika linaweza kuongeza kodi hata kama wewe hujaongezwa senti.

Jambo moja hutuuma sisi kuliko wapangaji wengine. Milango yote mitatu huhesabu kipato kabla ya makato, ovataimu ikiwamo, na hakuna hata mmoja unaoondoa pesa unazotuma nyumbani. Mama anayewalipia karo watoto watatu wa marehemu kaka yake kule Nyamira, machoni pa ofisi, hana watoto hao. Hawalali kwenye nyumba hiyo, hivyo hawamo katika familia. Nimelitafsiri jibu hilo mara nyingi, na sijapata namna ya kulitafsiri likawa laini.

Foleni

Nitapita haraka. Kati ya familia zinazostahili msaada wa kodi wa serikali kuu, takriban moja kati ya nne ndiyo huupata. Sheria ya 1998 imezizuia mamlaka za miji kuongeza idadi ya nyumba za umma kupita zilizokuwa nazo Oktoba 1999. Orodha za vocha hufungwa miaka mingi, zikafunguliwa siku chache, kisha majina yakachaguliwa kwa bahati nasibu. Jengo la shirika huwa na orodha yake, mara nyingi ya jengo moja moja, na ndiyo inayosogea haraka zaidi. Kwa hiyo jiandikishe kote. Kuwa kwenye foleni moja hakukuzuii kuwa kwenye nyingine, na kujiandikisha kwenye orodha ya vocha au ya nyumba za umma ni bure. Yeyote anayekuuzia "nafasi" ya Section 8 kwenye kundi la WhatsApp, hata awe mzee wa kanisa, ni mwizi.

Ukihama, wapelekee anwani mpya. Barua iliyorudi posta ndiyo huyafuta majina mengi.

Vocha ina saa yake pia. Ukiipata unapewa angalau siku 60 za kutafuta nyumba, na mwenye nyumba lazima akubali ukaguzi. Minneapolis ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuzuia kumkataa mpangaji kwa sababu tu ya vocha, na wenye nyumba wakaipeleka mahakamani. Mwanzoni huruhusiwi kuingia nyumba itakayokula zaidi ya asilimia 40 ya kipato chako, hata uape kwamba utaimudu.

Huduma za familia

Hapa mashirika huonekana yameshinda, na kwa kiasi yameshinda kweli. CommonBond ina programu iitwayo Study Buddies, ambapo mtoto hukaa na mtu mzima wa kujitolea wakasoma pamoja, chini ya paa lile lile analolala. Kwa mzazi anayeingia kazini saa tisa mchana, hilo lina thamani kuliko punguzo la dola mia. PPL imefunganisha nyumba na mafunzo ya kazi tangu zamani. Na katika jengo lenye mfanyakazi wa huduma, kodi ikichelewa, kabla ya barua ya wakili kuna mtu wa kubisha hodi na kuuliza kulikoni.

Ila tenganisha mambo mawili. Huduma nyingi hazikudai uishi kwenye jengo la mtu. Brian Coyle Center, kituo cha jamii pale Cedar-Riverside mjini Minneapolis, inahudumia mtaa mzima. Head Start, shule ya awali ya bure iliyoanza 1965, kwa Kaunti ya Hennepin, ile ya Minneapolis, huendeshwa na shirika la PICA na haiangalii mwenye nyumba wako ni nani. Usichague nyumba kwa ajili ya huduma unayoweza kuipata kwa kupanda basi moja.

Na ofisi za serikali zina kitu kimoja ambacho watu wetu hukiacha mezani, nami hukereka kila mara. Ni mpango uitwao Family Self-Sufficiency, upo tangu 1990, na ni wa wapangaji wa nyumba za umma na wenye vocha. Unaweka mkataba, kwa kawaida wa miaka mitano. Kipato chako cha kazi kikipanda, kodi yako inapanda kama kawaida, lakini kiasi kinacholingana na ongezeko hilo huwekwa kwenye akaunti kwa jina lako. Ukimaliza masharti, ukiwa kazini na familia haipokei tena msaada wa fedha taslimu, unachukua zote. Rudi kwenye mfano wetu wa mama wa dola 4,500: zile dola anazolia kwamba kodi imezimeza, sehemu kubwa zingekuwa zinamsubiri. Afisa hataanza yeye kukutajia. Litaje wewe.

Kuna aina moja ya nyumba za mashirika ambayo huduma zimefungwa nayo kabisa: zile za familia zilizokosa makao. Hizo hujazi fomu ofisini kwa shirika. Mnapitia mfumo mmoja wa kaunti unaopanga nani atangulie. Na hapo kuna kichekesho kisichochekesha. Kwa sheria ya shule, ile ya McKinney-Vento ya 1987, mtoto anayelala sebuleni kwa shangazi yake kwa sababu wazazi wamekosa nyumba anahesabiwa hana makao, na shule inapaswa kumpa usafiri abaki shuleni kwake. Kwa mfumo wa nyumba, mtoto huyohuyo yuko kwa shangazi, kwa hiyo anayo makao. Itumie ile ya shule. Hiyo nyingine usiitegemee, isipokuwa shangazi mwenyewe amekuambia utoke.

Karatasi za uhamiaji, watoto wengi na wageni

Nyumba za umma na vocha huangalia hadhi ya kila mmoja katika familia. Raia, mwenye grini kadi, mkimbizi na aliyekwishapewa hifadhi wamekuwa wakikubaliwa. Ambaye kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa, hapana. Familia iliyochanganyika imekuwa ikipewa msaada kwa hesabu ya wanaostahili tu, hivyo kodi yake hupanda. Kanuni hizi hutikiswa kila utawala unapobadilika Washington, kwa hiyo uliza za mwezi huo, tena kwa wakili, si kwa jirani. Nafuu ya ushuru kwa yenyewe haikuja na sharti la uhamiaji. Kwa wanaosubiri hifadhi, mlango wa shirika mara nyingi ndio pekee ulio wazi, ilimradi jengo lenyewe halina ruzuku nyingine juu yake.

Familia kubwa igeuze mizani. Wakongomani waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na watoto saba hawatatoshea kwenye majengo mengi ya nafuu ya ushuru, ambayo hujengwa kwa vyumba kimoja, viwili na vitatu. Kwao ningeweka matumaini kwenye mitaa ya familia ya St. Paul au zile nyumba zilizotawanyika za Minneapolis, hata foleni iwe ndefu.

Wanafunzi nao wajihadhari. Ndugu wawili wanaosomea uuguzi muda wote, wakipanga pamoja, wanaweza kukataliwa kwenye nafuu ya ushuru kwa sababu nyumba nzima ni ya wanafunzi. Wanandoa wanaojaza fomu ya ushuru pamoja husamehewa, na mzazi anayelea peke yake na watoto wake pia kwa kawaida husamehewa. Wengi hawaulizi, wakaacha chuo bure.

Wageni: hakuna mlango hata mmoja unaoujua ugeni wetu. Mikataba mingi huruhusu mgeni kwa wiki mbili hivi. Binamu aliyetua jana kutoka Dar na hajui atakaa hadi lini, mwandikishe kwa ruhusa au mtafutie kwingine. Nimeshuhudia mtu akipoteza nyumba kwa ajili ya viatu vya mwanamume vilivyoonekana mlangoni siku ya ukaguzi.

Na unapokagua ghorofa refu, inua macho utazame dari. Novemba 2019 moto kwenye ghorofa ya 14 ya Cedar High, jengo la umma pale Cedar-Riverside, uliua watu watano. Vyumbani hapakuwa na vinyunyizio vya maji. Uliza kama vipo, uwe kwa serikali au kwa shirika.

Ningechagua hivi

Ukiwa na zamu zisizotabirika na huna akiba, subiri kodi inayofuata mshahara hata kama kusubiri ni kwa shangazi. Kama mko wawili mnaofanya kazi na ovataimu haikatiki, usiidharau ile kodi ya dola 1,150, ingia kesho. Mzee aliye peke yake aende ghorofa la umma, wala asitafakari sana. Anayefikiri atahamia Ohio au Texas kumfuata ndugu atafute vocha, maana ndiyo pekee inayosafiri, ingawa kama hukuwa mkazi wa eneo la ofisi uliyoombea unaweza kutakiwa ukae humo mwaka wa kwanza.

Unapoingia ofisi ya shirika, swali la kwanza lisiwe kodi ni ngapi. Uliza: "Chumba hiki kina ruzuku inayofuata kipato?" Katika jengo moja la shirika, milango miwili inayotazamana inaweza kuwa na kanuni tofauti kabisa. Mmoja analipa asilimia 30, mwingine kodi isiyosogea, na wote wanadhani mwenzake ana bahati ya afisa mzuri.

Pia sheria haimruhusu mwenye jengo la nafuu ya ushuru kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha. Mama mmoja niliyemtafsiria aliingia jengo la shirika akiwa na hasira, kwa sababu mdogo wake alikuwa analipa nusu ya kodi yake kwenye nyumba za umma. Nilimsihi asitoe jina lake kwenye orodha ya vocha. Barua ilipokuja, watoto walikuwa tayari wamezoea mwalimu wao wa jioni pale chini, na yeye alianza kuulizia nyumba Brooklyn Park. Tukampigia msimamizi wa jengo badala yake. Wiki chache baadaye akasaini mkataba mpya wa chumba kile kile, akiwa ameketi jikoni kwake, chai ikiwa mekoni. Hakuna sufuria iliyohama.